Uzi Wenye Mafundo

Utepe wa kupimia naning'iniza shingoni
kama mafundi wote wa Kenyatta Market,
lakini wangu ni pambo.
Ninapima kwa uzi.
Fundo hapa, bega. Fundo hapa, kiuno.
Mafundo mawili yaliyobanana,
hapo ndipo tumbo lilipoongezeka tangu Krismasi
na mwenyewe hataki kusikia.

Bi Kwamboka wa benki aliniuliza,
"Syombua, nyonga zangu ni ngapi siku hizi?"
Nikamwonyesha fundo. "Ni hapa."
Akacheka hadi akashika meza.
Gauni lilimkaa.

Watu husema herufi huruka, hucheza.
Zangu hazichezi.
Zimetulia tuli kama wageni kwenye matanga;
mimi ndiye nafika mlangoni
na sikumbuki nani ni nani wa marehemu.

Nimekuwa mwongo wa miwani.
"Nimeiacha nyumbani," namwambia karani wa Huduma,
"hebu nijazie hapo, mwanangu."
Kanisani, zamu yangu ya kusoma ikikaribia,
koo hunivimba Jumamosi usiku.
Mjini siulizi ni orofa ya ngapi, nahesabu harufu:
chapati, rangi ya kucha, choo, wakili.

Halafu siku ile nikatuma kodi.
Saba na moja zilibadilishana viti ndani ya simu.
Jina la mpokeaji nikalisoma kwa umbo,
refu, lina kinundu katikati,
nikasema ndiye, nikabonyeza.
Elfu sita na mia tano zikaenda Kitale
kwa mzee mmoja anayefuga kuku.
Alirudisha zote, akakata za kutolea.
"Mama," akasema, "nunua miwani."
Nikanunua.
Herufi zikawa kubwa. Zikabaki zilezile.

Mwalimu wa darasa la nne alinisimamisha mbele,
saba mara nane, hadi kengele ya chakula.
Wenzangu wakaenda. Jibu silijui hadi leo.
Ninachojua ni kwamba ilikuwa githeri,
na siku hiyo ilikuwa na viazi.

Lakini sarafu nazijua kwa sura.
Twiga, kifaru, simba, ndovu.
Ndovu mmoja kwa simba wawili,
simba mmoja kwa vifaru wawili.
Katika mbuga yangu hajawahi kupotea mnyama.

Juzi akaja mwanamke kufupishiwa suruali,
akaniona nikifunga mafundo. Hakucheka.
Alisema anafundisha watoto wa namna yangu, huko Lang'ata.
"Ina jina," akasema. "Mawili, kwa kweli.
Moja la maneno, moja la tarakimu."

Miaka arobaini na, ngoja,
nilizaliwa mwaka wa mahindi ya manjano, hesabu mwenyewe,
miaka yote hiyo nilijua jina moja tu, mjinga,
na nilishalizoea kama kiatu kinachobana.

Akayaandika kwenye karatasi. Nikamrudishia karatasi yake.
"Sema polepole."
Disleksia. Nikafunga fundo.
Diskalkulia. Nikafunga lingine, mbali kidogo.
Kisha nikamfupishia suruali yake,
na bei nikamwambia, ndovu watano,
akanilipa bila kuuliza.

Uzi ule haupimi nguo ya mtu.
Upo kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.
Leo asubuhi mwanagenzi wangu Adongo ameupata,
akaunyoosha kutoka fundo hadi fundo.
"Huyu mteja ni mdogo sana. Ni nani?"

Nikamwambia ni mtoto. Wa darasa la nne.
Bado sijajua nitamshonea nini.